Pembe ya Ugoro ya Tapkili

Mzee mnusa ugoro akikupa pembe yake, usiseme asante. Kaa chini kwanza, umuulize anasafiri kwenda wapi.

Cheptanui alilijua hilo tangu utoto. Kwa hiyo asubuhi ile mama mkwe wake, Tapkili, alipomtia mkononi ile pembe ndogo ya swara, yenye kifuniko cha ngozi kilicholainika kwa kushikwa, hakushukuru. Alijaribu kuirudisha. Lakini vidole vya Tapkili vilikuwa vimeshajikunja, kama vya mtu aliyeuza na biashara ikaisha.

"Ni ya mtoto," Tapkili alisema. "Siku ya kumwita jina mnusishe ugoro huu. Usimnusishe ule wa dukani, ule ni majivu na pilipili."

"Si utakuwepo umnusishe mwenyewe, Mama?"

"Nitakuwepo. Lakini si upande huu wa moto."

Akageukia ukuta, akajifunika blanketi. Bakuli la uji wa wimbi lilikuwa pale pale lilipoachwa jana, limefanya ngozi juu. La juzi Cheptanui alikuwa amewamwagia kuku, akajiambia ni mafua tu. Sasa alijua si mafua.

Walikuwa wanaishi kambi ya kiwanda cha mbao, karibu na Elburgon, mwaka wa hamsini na saba, mvua za Agosti zikinyesha bila haya. Nyumba zilikuwa za mabanzi, yale maganda ya magogo ambayo msumeno huyatupa pembeni, na ukikaa ndani kimya ulisikia jirani akikuna kichwa. Kimaiyo, mume wa Cheptanui, alishika msumeno mkubwa. Mwana wao Kipkorir alifundisha watoto wa kambi kusoma. Na nyuma ya ukuta, chumba cha pili, alilala Chemutai, mke wa Kipkorir, mwenye mimba iliyokwisha kushuka.

Mimba hiyo ndiyo ilikuwa chanzo cha maneno yote.

Kwa Wanandi, watu wa Tapkili, mtoto hazaliwi peke yake. Akishatoka tumboni, wanawake wazee humpaka ugoro kidogo puani, wakamwita majina ya waliokufa wa ukoo wa babake. Ni wewe fulani? Ni wewe fulani? Jina atakalolipigia chafya ndilo la yule aliyerudi naye, atakayemshika mkono maisha yake yote. Tapkili alikuwa na kitendawili chake cha jambo hili, na kila mtoto wa kambi alikijua: "Napiga hodi nikiwa nimeshaingia ndani." Jibu lake, chafya ya mtoto.

Sasa, mtoto wa kwanza wa Chemutai hakupiga hodi. Alikuwa msichana. Walimwita majina yote waliyokuwa nayo, wakarudia, ugoro ukaisha, mtoto akawaangalia tu kama mtu anayesubiri wageni waondoke. Mhubiri wa kambi, Kiprugut, akambatiza Zeddy na kusema jina hilo linatosha. Zeddy aliishi mpaka akajua kucheka. Kisha baridi ya msitu wa Mau ikamwingia kifuani.

Watu wote walisema ni baridi. Tapkili alikaa na jambo hilo mwaka mzima, akilitafuna kimya kimya, na hesabu yake ilipokamilika ilikuwa hivi: ukoo ulikuwa mdogo, umetoka Nandi zamani kufuata kazi za mashamba ya wazungu, na wafu wake wenye nguvu walikuwa wamesharudi wote kwa watoto wengine. Aliyebaki mwenye nguvu ya kumshika mtoto asidondoke alikuwa yeye mwenyewe. Na yeye alikuwa hai, amekaa karibu na moto, anakunywa uji.

"Mimi ndiye nimekalia nafasi ya huyo mtoto," alimwambia Kimaiyo siku ile jioni. "Nikiondoka kabla hajaja, mtaniita naye ataniitikia. Nikichelewa, utachimba shimo lingine dogo."

Kimaiyo, mtu aliyekata mierezi minene kuliko nyumba, alilia. "Mama, hata kama! Nani alikupa ruhusa?"

Tapkili akacheka kidogo, ingawa midomo yake ilikuwa imeanza kupasuka. "Ruhusa! Kutoka kambini unaomba ruhusa kwa meneja. Kufuga mbuzi, ruhusa. Kumzika Zeddy uliomba ruhusa, mimi nilikuona na kofia mkononi. Kijana wangu, imebaki kitu kimoja tu ambacho mzungu hanisainii. Usininyang'anye."

Ndiyo, alikuwa mtu wa namna hiyo. Miaka mingi nyuma, meneja alitoa amri kwamba asiyefanya kazi kiwandani asilale kambini, na wajane wakaanza kufunga mizigo. Tapkili hakufunga. Alikwenda akaketi kwenye ngazi za ofisi na pembe yake ya ugoro. Meneja akamuuliza kupitia kwa mkalimani, nani amekupa haki ya kukaa hapa? Tapkili akanusa, akapiga chafya, akasema, "Ni yule yule aliyekupa wewe." Mkalimani alikohoa tu, hakutafsiri. Lakini Tapkili aliendelea kuketi pale, mvua na jua, mpaka meneja alipochoka kumruka kila anapoingia ofisini, na wajane wakafungua mizigo. Cheptanui alikuwa bibi arusi mpya wakati huo. Alimtazama mama mkwe akirudi nyumbani, makalio yameganda kwa baridi ya saruji, na moyoni akasema: nikizeeka, nizeeke hivyo.

Sasa mwanamke huyo huyo alikuwa amegeukia ukuta.

Kiprugut alikuja na Biblia chini ya kabuti. Alikuwa mtu mpole, mwenye masikio makubwa, na Tapkili alimpenda kwa kuwa hakuogopa vitendawili.

"Kitendawili, mhubiri."

"Tega, Kogo." Kambi nzima ilimwita Kogo, yaani nyanya.

"Nilipewa sikuomba. Nikirudisha naitwa mwizi."

"Hicho ni uhai," Kiprugut akasema mara moja. "Na ni kweli ni wizi. Uhai si wako, Kogo. Mungu amekuazima."

"Kitu cha kuazima hurudishwa. Ama kwenu mnangoja mpaka mwenyewe aje mlangoni apige kelele?"

"Mwenyewe ndiye anajua siku anayokihitaji. Ukinirudishia jembe langu usiku wakati mimi nimelala, umelitupa nje tu, hujanirudishia."

Jibu lilimgusa Tapkili, Cheptanui aliona. Lakini halikumgeuza. "Umesema vizuri," akasema. "Keti, upewe maziwa. Mimi siyanywi, lakini si sababu wewe ulale njaa."

Kipkorir naye akajaribu, kwa njia ya shule. Alimsimulia nyanyake habari aliyoisoma gazetini, kwamba baada ya vita vile vikubwa mataifa yalikaa pamoja yakaandika haki za binadamu, na mojawapo ni kwamba kila mtu aliyezaliwa ana haki ya kuishi.

"Wameandika vizuri," Tapkili akasema. "Mnandi aliyekaa nao alikuwa nani?"

"Hakukuwa na Mnandi, Kogo."

"Mh. Na kabla hawajaandika, sisi tuliishi kwa wizi?"

Kipkorir akajikuna shingo. "Wanasema hawakutupa wao. Wanasema tunazaliwa nazo. Wao waliziandika tu ili mwenye nguvu asijifanye hazijui."

"Hapo wana akili." Tapkili aliinua kichwa kidogo. "Basi kama haki ya kuishi nilizaliwa nayo, ni yangu. Na kitu changu, naweza kukiweka chini?"

Kijana alifikiri kwa uaminifu, kama alivyowafundisha wanafunzi wake wafikiri. "Sijui, Kogo," akasema mwishowe. "Sijaona mahali waliposema."

"Wakisema, uniambie."

Lakini aliyemchoma Cheptanui zaidi ya wote alikuwa Chemutai. Alimkuta nje, anaokota vipande vya mbao vya kuwasha moto, tumbo limemtangulia.

"Mama, ukuta ni mabanzi tu. Nasikia yote." Alisimama, akashika kiuno. "Huyu mtoto akifa, nitalia. Akiishi, kila nikimnyonyesha nitaona lile bakuli la uji. Mimi nitampenda vipi?"

Cheptanui alirudi ndani, akachukua kibuyu cha maziwa na kijinga cha senetwet, mti ambao mkaa wake huyapa maziwa harufu, akaanza kukisugua ndani taratibu, kwa sababu mikono ikifanya kazi kichwa hupata nafasi. Alikuwa na hasira, kisha akaona si hasira. Ni kwamba alimstahi sana mwanamke huyu hata hakujua namna ya kumkataza. Ungemkatazaje mtu ambaye hakukata tamaa, wala hakuwa na uchungu na mtu, ambaye alikuwa anatoa kitu chake cha mwisho kama mtu anayekata kipande kikubwa cha ugali na kumsogezea mgeni?

Basi akaamua kutomkataza. Akauliza.

"Mama, niambie tena habari ya babu yako na ule mwamba."

Uso wa Tapkili ukatoka ukutani. Hakuna hadithi aliyoipenda zaidi. Kule Nandi, alisema, kulikuwa na ukingo wa mwamba mrefu, chini yake huoni kitu ila ukungu na migongo ya ndege. Wazee waliozeeka wakashiba walikwenda huko wenyewe. Babu yake alikuwa amezeeka mpaka meno yakaisha kinywani, hata nzi hakuweza kumfukuza. Akasema anakwenda. Wakamvisha vazi la ngozi ya nyani, wakampa pombe ya wimbi, wakampaka maziwa kifuani, wakamwimbia njia nzima. "Alitembea kwa miguu yake. Hakusukumwa, hakushikwa. Na mdogo wangu wa kiume aliyezaliwa mvua iliyofuata, jina la Babu halijaisha kutamkwa, *tchya!* Alikuja kuwa mtu mkubwa huyo. Ndiyo kitu nataka."

Cheptanui aliendelea kusugua kibuyu. "Kwa hiyo aliamka tu siku moja akaenda."

"Wee! Unafikiri alikuwa mwizi wa kuku? Aliuliza."

"Aliuliza nani?"

"Nyumba nzima. Kila aliyekula naye chungu kimoja. Ndugu zake, wake zake, wana, wake za wana, mpaka..."

Akavuta ncha ya blanketi.

"Mpaka nani, Mama?"

"Mpaka watoto."

Kijinga kikasimama ndani ya kibuyu. "Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwa hivi." Mkono wa Tapkili ulitoka ndani ya blanketi, mkavu kama ukuni, ukaonyesha urefu wa kigoda.

"Ukasema nini?"

Nje, king'ora cha kiwanda kililia, watu wakabadilishana zamu. Tapkili alingoja mpaka kikaisha.

"Nilikataa," akasema.

Kisha akacheka, kicheko kibovu cha koo kavu, na machozi yakifuata njia za makunyanzi. "Alikuwa amenitegea kitendawili. Zizi langu jekundu, ng'ombe wote weupe, na hakuna mchungaji. Sikukijua. Nikamwambia, huendi mahali mpaka nipate jibu. Watu wote wakacheka. Yeye hakucheka. Alivua lile vazi la nyani, akaketi chini. Akasema, neno la mtoto ni neno."

"Akakaa?"

"Alikaa. Kila siku namwomba jibu, naye anafungua mdomo wake wazi, aah, kunionyesha. Na mimi naona nini? Meno hana! Zizi tupu! Ningejuaje?" Akajipangusa. "Mpaka jino langu likang'oka. Nikalishika mkononi, dogo, jeupe, ndipo nikajua. Na nikajua pia nikimwambia ataondoka. Nilitembea na lile jino kwenye ngumi, Mama Kipkorir, watu wakapanda, wakapalilia. Nakula nalo. Nalala nalo. Siku moja nikamwona anaota jua, na hata jua lenyewe linamchosha. Nikaenda nikafungua mkono. Akanishika kichwa. Asubuhi wakamwimbia."

Cheptanui hakuwahi kuisikia sehemu hiyo, miaka yote. Aliweka kibuyu chini.

"Basi mimi nakataa," akasema.

"Ati?"

"Umeondoka bila kuuliza. Umetupa pembe ya ugoro na kugeukia ukuta, kama mtu anayekimbia deni. Babu yako aliuliza. Niulize. Mimi nakataa."

"Wewe!" Tapkili alijaribu kuketi, akashindwa, akajaribu tena. "Wewe una haki gani ya kunikatalia?"

"Ile ile uliyokuwa nayo wewe ulipokuwa mrefu kama kigoda." Cheptanui akamsogelea. "Nimekula nawe chungu kimoja. Kimaiyo naye hujamuuliza, umemwambia tu. Chemutai hujamuuliza. Na yule wa tumboni, huyo unayetaka kumbebesha jina lako, umemuuliza kama analitaka kwa bei hiyo?"

Upande wa pili wa mabanzi, mtu alishika pumzi.

Tapkili alimtazama mke wa mwanawe kama mtu anayetazama mti aliopanda mwenyewe na leo amegonga nao kichwa.

"Lete huo uji," akasema. "Lakini upashe moto, mimi si nguruwe. Na usifurahi. Nakunywa nipate nguvu ya kuuliza. Akija huyo mtoto nitamuuliza yeye mwenyewe, mbele yenu wote."

Mtoto alikuja kabla mvua haijaisha, alasiri, wakati treni ya Nakuru inapopanda mlima ikihema. Nasimiyu, jirani wa mlango wa pili, ndiye alimpokea. Alikuwa mvulana, mweusi wa kung'aa, mwenye uso wa mtu aliyekasirishwa. Wanaume wakatolewa nje. Kiprugut akasimama karibu na rundo la kuni, akijifanya amekuja kutazama kama mvua itanyesha.

Cheptanui alifungua pembe ya ugoro. Karibu naye aliketi Kogo Cheptoo, mzee wa kambi aliyejua majina ya ukoo, na kwenye kigoda, amejifunga blanketi, amekonda lakini mgongo wima, Tapkili.

"Ni wewe Arap Chumo?" Cheptanui akaita, akimpaka mtoto ugoro puani.

Mtoto akapepesa macho.

"Ni wewe Tabutany? Ni wewe Arap Sang, mwenye mguu mbovu?"

Mtoto akapiga miayo. Wakaendelea. Kogo Cheptoo akataja, Cheptanui akaita, na kila jina lilipopita hewa ndani ya nyumba ikazidi kuwa nzito. Wakafika mwisho. Wakarudia kutoka juu. Chemutai alikuwa amejiinua kwa viwiko kitandani, na macho yake yalikuwa yale yale ya mwaka jana.

Cheptanui aliogopa kugeuza uso. Alijua akigeuka atamwona Tapkili akisema kwa macho, si niliwaambia? Na sasa angemkatalia kwa neno gani?

"Kuna mmoja hamjamwita," Tapkili akasema.

"Nimetaja wote," Kogo Cheptoo akajibu kwa ukali. "Hata yule aliyeliwa na simba."

"Hamjamwita Zeddy."

Chemutai akatoa sauti ndogo.

"Aa, wewe nawe," Kogo Cheptoo akasema. "Yule alikuwa mtoto. Hata jina la ukoo hakulichukua. Ana nguvu gani ya kumshika mtu? Na nani alimpa haki ya kuitwa pamoja na wazee?"

"Mimi nilifikiri hivyo hivyo." Tapkili aliegemea mbele. "Nilihesabu wafu wetu mwaka mzima, nikimtafuta mwenye nguvu, na yeye nikamruka kila mara. Cheptoo, yule mtoto alishikwa. Kila mtu ndani ya nyumba hii alimshika. Mimi mwenyewe nilimlaza hapa, kwenye goti hili, akanichekea. Haki gani nyingine unataka? Mimi nilipewa ipi zaidi ya hiyo? Mwiteni."

Cheptanui akachukua ugoro kidogo sana, kwa ncha ya kidole cha mwisho. Akainama.

"Ni wewe, Zeddy?" akasema polepole. "Zeddy wa Chemutai, ni wewe umerudi?"

Mtoto akakunja pua. Akafungua mdomo. Uso wote ukakusanyika mahali pamoja kama ngumi, kisha akapiga chafya iliyomshtua mwenyewe mpaka akalia.

Vigelegele vya Nasimiyu vilimfikia meneja ofisini. Kogo Cheptoo, aliyekuwa mkali, ndiye alilia kwanza. Chemutai alinyoosha mikono, wakampa mwanawe, akamweka shingoni na kumnong'oneza jina la dadake, tena na tena. Mlangoni kichwa cha Kiprugut kikachungulia.

"Amemwitikia nani?"

"Zeddy!"

"Lakini hilo jina nililitoa mimi!" mhubiri akasema, masikio yakimwaka kwa furaha.

"Ndiyo, baba," Nasimiyu akamjibu. "Leo kanisa na ugoro mmegawana chafya moja. Funga mlango, baridi inaingia."

Walipotulia, Tapkili akanyoosha mikono. "Nilisema nitamuuliza. Nipeni."

Cheptanui alimchukua mtoto kwa mamake, akamweka kwenye goti lile lile, na mikono yake mwenyewe haikutoka haraka. Tapkili aliinamisha kichwa, sikio lake refu lililotobolewa zamani likagusa shavu la mtoto, akasema maneno ambayo hakuna mwingine aliyeyasikia. Kisha akangoja. Mtoto alikuwa amelala.

"Amesema nini, Mama?" Cheptanui akauliza.

"Anasema nimngoje ajue kusema."

Cheptanui akamtazama yule kikongwe, mgongo wima, mtoto gotini, na moyoni akasema tena lile alilosema alipokuwa bibi arusi. Lakini kwa mdomo alisema, "Basi utangoja sana. Wa nyumba hii huchelewa. Kipkorir alisema neno la kwanza meno yamejaa mdomoni."

"Nilisahau hilo," Tapkili akasema. "Mmenishika vibaya." Akanyoosha mkono bila kuinua macho. "Lete pembe yangu. Umemaliza kuichezea."

Cheptanui akaitia kiganjani mwake, na safari hii vidole vikafunguka. Tapkili alinusa kwa nguvu, upande huu na upande huu, ugoro wake mwenyewe baada ya siku zote zile. Alipiga chafya mpaka kigoda kikalia.

"Ni wewe, Tapkili?" Kogo Cheptoo akaita, na wanawake wote wakaangua kicheko.

"Ni mimi," akajibu, akipangusa machozi kwa ncha ya blanketi, mkono mwingine umemshika mtoto asidondoke. "Ni mimi, jamani. Nani kaweka maziwa wapi?"